Kunduchi au Tongoni: kijiji gani cha pwani kwa wanafunzi wa Moshi?

Mwalimu_Pasua: Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nafundisha historia kidato cha pili hapa Moshi, na wanafunzi wangu wengi bahari hawajaiona. Wazazi wamekubali safari moja tu. Nataka kijiji ambacho watu bado wanavua na magofu yapo palepale. Nimebaki na Kunduchi na Tongoni. Mnaonaje?

BintiMachame: Kunduchi, mwalimu. Nimeolewa huko. Mji wa Dar umeshakizunguka kijiji kwa hoteli na maghorofa, lakini wavuvi bado wanashusha samaki ufukweni. Magofu yako kwenye mibuyu: msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18, mengine yalipachikwa sahani za Kichina. Mtoto akisimama mbele ya kaburi la namna hiyo, biashara ya Bahari ya Hindi ataielewa bila kuchorewa ubaoni. Kesho yake mnapita Makumbusho ya Taifa.

Dereva Njia Kuu: Dar ni zaidi ya kilomita 500, halafu foleni. Segera mkikata kushoto, Tanga mnafika mchana. Tongoni iko barabara ya Pangani. Makaburi kama 40, mengi ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka.

Mzee wa Same: Naunga mkono Tongoni. Vasco da Gama akirudi kutoka India mwaka 1499 aliichoma meli yake São Rafael pwani hiyohiyo. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawakutosha meli tatu. Ila msigeuzie hapo, mwalimu, teremkeni hadi Pangani. Maji ya mto ule yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889 kwa kupigana na Wajerumani. Hao watoto wanamjua Mangi Meli, chifu wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900. Wakutanishwe na mwenzake.

BintiMachame: Hapo kwa Abushiri umenishinda, mzee wangu. Lakini Kunduchi msiisahau. Viwanja vinazidi kubanana kule, na makaburi yale yanahitaji watu wa kuyajali.

Mwalimu_Pasua: Basi mwaka huu Tongoni na Pangani, Kunduchi nitaipigania mwakani. Dereva, tukiondoka saa kumi na moja alfajiri?

Dereva Njia Kuu: Mtawahi. Uliza mapema saa za maji kupwa, ndipo watoto watembee ufukweni vizuri.