Probox inasaga kila nikikata kulia, sivi jointi mpya na bado

Mchukuzi wa Tumbe
Assalaam aleikum jamaa. Naomba msaada, maana gari hii ndiyo inayonilisha mie na wanangu wanne.

Nnayo Probox ya 1.5, alfajiri nachukua samaki Tumbe nawaleta Chake. Wiki ya tatu sasa, kila nikikata kulia, mbele kushoto kunatoka mlio wa kusaga, krrrr, kama mtu anatwanga changarawe kwenye kinu. Nikikata kushoto, kimya. Nikienda moja kwa moja pana mvumo kwa mbali unaozidi na mwendo. Nikipakia samaki na barafu ndiyo khaswa, unausikia mpaka kwenye nyayo.

Nimeipeleka gereji. Fundi hakuipandisha hata jeki. Alikaa kando yangu, tukazunguka mara mbili, akasema sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi. Nikatoa 95,000 pamoja na ufundi. Natoka pale, kona ya kwanza tu, mlio ule ule. Kurudi, naambiwa sasa tubadilishe na ya kulia. Hapo moyo ukakataa. Siwezi kuinunua gari upya kipande kipande kwa kubahatisha.

Breki zinashika, usukani hautetemeki. Nianzie wapi?

Dada wa Jambiani
Wa aleikum salaam kaka. Kabla hujatoa senti nyingine, tazama lile bati jembamba lililo nyuma ya diski ya breki. Vitz yangu ilinipigia kelele wiki nzima, kumbe kijiwe cha matumbawe kimekwama baina ya bati na diski. Kilitoka kwa bisibisi. Bati likiwa limepinda, livute kwa mkono lisiguse. Na umulike tochi pedi za upande wa ndani, si za nje tu. Pini zikishika kutu, ya ndani huisha mwanzo na breki bado unaiona nzima.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Alosema dada ni la kuanzia, halina gharama. Lakini kijiwe hakivumi gari ikienda moja kwa moja, tena mvumo uzidi na mwendo. Kaka, mie hapo nasikia beringi ya mbele kushoto, lile duara la gololi ambalo tairi linazungukia.

Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto, beringi ya kushoto inabebeshwa. Ukikata kushoto inapumua, ndiyo maana inanyamaza. Sivi jointi iliyokufa inalia vingine: ta-ta-ta-ta, usukani umekunjwa mpaka mwisho na mguu uko kwenye mafuta, kama unatoka ulipoegesha. Na mara nyingi mpira wake unaofunika grisi unakuwa umechanika, grisi imerukia ndani ya rimu. Wako ulichanika?

Fanya hivi mwenyewe. Vuta breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, toa gia, nyanyua kushoto, kisha weka stendi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Lishike tairi juu na chini, litikise. Lisipocheza usifurahi bado, beringi nyingi huvuma siku nyingi kabla ya kulegea. Sasa lizungushe kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viguse springi ya shokapu kwa nje. Beringi nzima, springi imetulia. Mbovu, utaihisi vidoleni.

Nataka kujua jambo moja: Tumbe unashuka na gari mchangani?

Mchukuzi wa Tumbe
Ndiyo fundi. Maji yakipwa nashuka mpaka kwenye vyombo, pengine wimbi linafika nusu ya tairi. Ile sivi jointi ya zamani nnayo nyumbani. Mpira wake mzima kabisa.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Basi hiyo ndiyo sababu. Umetoka Chake, habu, kile kitovu cha tairi penye beringi, imepata moto. Unaitia kwenye maji ya bahari, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira unaoziba beringi. Chumvi inakaa humo na grisi, inakula njia ya gololi.

Ukibadilisha, usikubali nyundo. Inaingia kwa plesi, mashine ya kukandamiza, na anayeitia asukume duara la nje. Akisukuma la ndani, nguvu inapita kwenye gololi na beringi mpya inatiwa alama kabla haijatembea. Kila siku naletewa beringi za mwezi mmoja zilizouliwa hivyo, na mwenye gari anailaumu spea.

Ami wa Wete
Mwanangu, pitisha na kiganja juu ya matairi yenyewe. Tairi lililolika mabonde mabonde huvuma mfano wa beringi. Lihamishe nyuma, mvumo ukihama nalo, umeshajua.

Mchukuzi wa Tumbe
Nimerudi jamaa. Ami, matairi yamelika sawa. Dada, bati safi, pedi zipo.

Jumamosi niliinyanyua kama alivyosema fundi. Tairi halikucheza hata kidogo, nikaanza kukata tamaa. Nikaweka vidole kwenye springi, nikazungusha. Wallahi nimehisi, kama unakuna nazi na mbuzi iko mapajani. Nikaenda kulia, laini, hakuna kitu. Nikamwita kijana wangu naye aguse, bila kumwambia upi mbovu. Akanyoosha kidole kushoto.

Tulifungua wenyewe, tukakipeleka kile chuma chenye habu Chake kwa mwenye plesi, nikasimama pale pale mpaka akamaliza. Beringi ya zamani grisi imekuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, na duara la ndani limeng'oka ng'oka kama dafu lililoguguniwa na panya. Spea na plesi, 70,000.

Leo nimetoka Tumbe na mzigo kamili. Kona za kulia zote nasikia barafu inavyoteleza kwenye makreti nyuma, jambo ambalo sikuwahi kulisikia mwezi mzima. Gari nimeiacha juu, vijana wamebeba samaki kutoka vyomboni, nawalipa kwa kreti.

Fundi, ile ya kulia imeoga maji yale yale. Niibadilishe kabisa?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Alhamdulillahi. Ya kulia iache, usinunue ambacho hakijaharibika. Kila mwezi nyanyua, weka vidole. Ikianza kukuna nazi, unajua pa kwenda.