Mnaouza GPS za gari na kutuambia "inatambua tochi", mnatuibia

Wakuu salaam. Nimekasirika na nitalisema lilivyo.

Nilinunua kifaa cha ramani cha kubandika kwenye kioo, dukani Kariakoo. Kazi yangu ni ya barabara ya Dar–Dodoma na nimechoka kulipa faini ya elfu 30 kila nikipigwa tochi, kile kipima spidi cha trafiki. Swali langu kwa muuzaji lilikuwa moja: kitanionya kabla ya tochi? Akajibu kinaonya, tena akakiwasha palepale kaunta. Kigari kikaanza kukimbia kwenye skrini, mara tit-tit-tit, alama nyekundu ya kamera ikatokea. Kumbe ile ni safari ya maonyesho iliyowekwa humo na kiwanda, na barabara zenyewe ni za Dubai! Fungua mipangilio upande wa kamera, unakuta orodha ya nchi: Emirati, Saudia, Qatar, halafu Ulaya imejaa. Tanzania haimo. Zile "sasisho za bure maisha yote" alizojisifia zinaniletea kamera za Ghuba.

Tuelewane hapa. GPS haioni kamera wala askari. Inapokea ishara za satelaiti, inajua ulipo, kisha inalinganisha na orodha ya sehemu zilizohifadhiwa ndani yake. Kwa wenzetu wenye kamera za kusimikwa nguzoni orodha hiyo ina maana, kwa sababu nguzo haihami. Kwetu trafiki anashika tochi mkononi. Asubuhi yuko Mikese, jioni yuko Dumila chini ya mti. Ni orodha gani itamjua huyo? Na wanaokuuzia kinasa rada, yaani kifaa cha kunasa mawimbi ya tochi yenyewe, hicho ni kitu kingine kabisa, na kama tochi ni ya leza, kinapopiga kelele spidi yako imeshasomwa.

Kinachoniuma zaidi ni vibao vya spidi. Askari anahama, kibao cha 50 hakihami. Kifaa kikijua vibao tu na kikapiga kelele ukizidisha, kimemaliza kazi, huna haja ya kujua tochi iko wapi. Changu, ukiingia Chalinze kwenye watu, skrini inaandika 100. Mia! Mbele yako watoto wa shule wamesimama pembeni wanasubiri kuvuka, bodaboda wanakatiza, na kidude kinakwambia nenda mia. Mgeni wa njia ile akikiamini ataua mtu. Elfu 30 inauma, lakini inalipika.

Nilikirudisha. Jibu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sasa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na maandishi ya chini ya risiti hayafuti sheria. Malalamiko yangu nayapeleka Tume ya Ushindani pamoja na hiyo risiti.

Unayetaka kununua, kataa maonyesho ya kaunta. Toka nacho nje kishike satelaiti, kisha mwambie muuzaji afungue ramani ya Tanzania, atafute Gairo, na akuonyeshe kikomo cha spidi pale mjini. Muulize ramani hiyo ni ya mwaka gani. Akianza kuzungushazungusha maneno, ondoka. Na msiniambie nitumie redio iliyokuja na gari, ramani yake ni ya Japani.

Simu inafanya vizuri kuliko hivi vidude vya bei mbaya. App ya Waze ina taarifa za polisi zinazowekwa na madereva wenyewe, ingawa inataka bando na inataka mtu awe amepita kabla yako, kwa hiyo usiku wa manane huko porini usiitegemee. App ya OsmAnd inapakua ramani ya Tanzania kutoka OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, inafanya kazi bila mtandao, na inakuonya ukizidisha pale ambapo kikomo kimeshaingizwa. Mtu yeyote anaweza kuingiza kibao cha kwao. Yaani watu wa kujitolea wanaifanya bure kazi ambayo nyinyi mmetutoza hela na hamjaifanya!

Mwenye kifaa kinachoonyesha 50 Chalinze na Gairo, weka picha ya skrini na bei uliyonunulia. Muuzaji ukija kunijibu, usiniwekee namba ya simu. Weka picha hiyohiyo.