Wapangaji Uingereza: fangasi ukutani si kosa la kupika na kuoga kwetu, mtuache!

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiyetaka kusoma malalamiko apite tu. Nipo Coventry, nyumba ya kupanga, katika mtaa wa zile nyumba za matofali mekundu zilizoungana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye picha ni nzuri. Ndani, kuanzia Novemba mpaka Machi, ni mateso.

Chumba cha watoto, ukuta unaotazama nje, kuanzia nyuma ya kabati hadi kwenye kona ya dari umekuwa mweusi. Sisemi una madoa, nasema mweusi. Tumesugua kwa jiki, tumepaka ile rangi ya kuzuia fangasi, baada ya muda imerudi vile vile. Nguo zilizokaa kabatini zinanuka uvundo. Mtoto mdogo anakohoa usiku kucha na sasa ana inhela. Nimetuma picha kwa wakala wa nyumba, na si mara ya kwanza. Wiki hii kanijibu: tufungue madirisha, tusianike nguo ndani, tufunike sufuria tunapopika, tupunguze muda wa kuoga. Hakuna fundi aliyetumwa. Hakuna aliyekuja hata kuutazama huo ukuta.

Nifungue dirisha Januari, nyuzi mbili nje, joto nililolinunua kwa pesa yangu litoke lote barabarani, watoto walale na makoti? Na nguo za shule za watoto nizianike wapi, wakati nje mvua inanyesha na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni?

Kinachonikera zaidi ni kwamba sababu ya tatizo inajulikana na kila anayeishi kwa kazi ya nyumba nchi hii. Nyumba za miaka ya baadaye zina kuta mbili zenye uwazi katikati, na uwazi huo unajazwa kitu cha kuzuia baridi. Hizi za zamani ukuta ni tofali tupu kutoka nje hadi ndani, ubaridi unapita moja kwa moja. Watu wanne wakilala humo, wakapumua, wakachemsha chai, hewa lazima iwe na unyevu. Unyevu ule ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji, na maji yakikaa hapo fangasi wanaota. Dawa yake ni kuuzuia ukuta usipoe, kuweka feni ya kutoa hewa bafuni na jikoni, na kuipasha nyumba moto kwa saa nyingi bila kukatakata. Feni ya bafuni kwetu imekufa tangu tunahamia. Ukuta si wangu, siwezi kuugusa. Kwenye mamlaka yangu limebaki joto tu, na hapo ndipo nakutana na mita.

Nilipoingia humu nilikuta mita za kulipia kabla. Umeme una ufunguo wa plastiki, gesi ina kadi. Unavipeleka duka la kona, unalipa, unarudi kuvichomeka. Mnaotumia LUKU huko Tanzania mtadhani ni kitu kile kile. Sikieni kwanza. Hapa kuna tozo ya kila siku, uwashe taa usiwashe: zaidi ya nusu pauni kwa umeme, na gesi nayo ina ya kwake, ndogo kidogo. Kwa mwaka zote mbili zinafika kama pauni 300, na hapo hujachemsha hata birika. Wakati wa kiangazi huwashi boila kabisa, lakini tozo ya gesi inajikusanya kimya kimya. Baridi ikianza unaweka pauni 20 ili watoto wapate joto, mita inakata kwanza malimbikizo ya miezi ambayo hukutumia chochote. Najua na nyumbani kodi ya majengo mnakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kelele zake tulizisikia hadi huku. Basi fikirieni makato ya kila siku, Jumapili na sikukuu.

Mita ya gesi niliikuta na deni la mpangaji aliyeondoka. Kila nikiongeza salio, sehemu inakwenda kulipa joto la mtu nisiyemjua. Nilipiga simu nyingi, nikasikiliza muziki wa kusubiri hadi nikaukariri, nikatuma mkataba wenye tarehe niliyoingia, ndipo wakalifuta deni hilo. Walichokwisha kukata hakijarudi hadi leo.

Nisije kuambiwa napotosha. Zamani bei ya uniti kwa watu wa mita hizi ilikuwa juu kuliko ya wanaolipia benki kila mwezi, na serikali iliiondoa tofauti hiyo Julai 2023. Sawa, hilo nalikubali. Lakini anayelipia benki akiishiwa anapata ankara, anapiga simu, anapanga namna ya kulipa, na nyumba yake ina joto wakati wote huo. Mimi salio likiisha Jumatano mchana, radieta zinapoa mchana huo huo. Kuna salio la dharura la pauni chache, na usiku mita haikati, ni kweli, lakini vyote viwili ni mkopo. Ukiweka pesa asubuhi vinachukuliwa kwanza. Na mnakumbuka mwanzoni mwa 2023 ilipofichuka kwamba wakusanya madeni walikuwa wanavunja milango ya watu na kuwafungia mita hizi kwa lazima, wakiwemo wagonjwa na wenye watoto wachanga. Ofgem, mdhibiti wa nishati, ndipo akaamka na kusimamisha zoezi.

Sasa unganisheni hayo mambo mawili. Wataalamu wa afya wa hapa wanashauri chumba kisishuke chini ya nyuzi 18. Kwenye nyumba isiyozuia baridi, yenye mita inayokata, familia ya kipato cha kawaida haiwezi kushika nyuzi 18 kutwa. Inapasha kwa muda wa saa moja tu asubuhi na muda wa saa mbili jioni, katikati kuta zinapoa, unyevu unageuka maji. Mwenye nyumba ndiye aliyeacha ukuta uwe hivyo, akaacha feni ife, akaacha mita ile pale. Halafu anayeambiwa abadili maisha ni mimi!

Na msione ni jambo dogo la rangi na harufu. Rochdale, Desemba 2020, alifariki mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ulihitimisha kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu kwenye fangasi nyumbani kwao. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alianza kulalamika 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Shirika la nyumba lililowapangisha baadaye lilikiri kwamba lilifanya makisio kuhusu mtindo wa maisha ya familia ile, mpaka suala la wanavyooga likaingizwa. Someni hapo tena. Mtoto anakohoa, baba anapiga simu, mtu ofisini anawaza hawa wageni wanamwaga maji. Mimi ninapoambiwa nipunguze kuoga na nifunike sufuria, najua nasikia sauti ile ile.

Tena walishaonywa. Oktoba 2021, msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, Housing Ombudsman, alitoa ripoti nzima kuhusu unyevu na fangasi akiwataka wenye nyumba waache kabisa kuwasukumia wapangaji lawama za mtindo wa maisha. Hiyo ni zaidi ya mwaka kabla ya uamuzi wa kifo cha Awaab. Wakala wangu hajaisoma, au ameisoma akaona haimhusu.

Sheria imekuja, ndiyo. Sheria ya Awaab ilianza kutumika England Oktoba 27, 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, fangasi na unyevu wa hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Lakini kwa sasa inawabana wenye nyumba za jamii, yaani za halmashauri na mashirika ya nyumba. Sisi tuliopanga kwa watu binafsi tumeambiwa zamu yetu itafika. Mapafu ya mtoto wangu yanasubirishwa kwa sababu ya jina lililo kwenye hati ya nyumba.

Hata hivyo hatuko mikono mitupu, na hili nataka kila mpangaji aliyeko England alisome. Kuna sheria ya 2018 inayotaka nyumba ya kupanga iwe inafaa kuishi binadamu, nayo tangu Machi 2020 inagusa karibu mikataba yote ya kawaida, ikiwemo ya watu binafsi. Unaweza kumpeleka mwenye nyumba mahakamani kwa hiyo. Na halmashauri ina kitengo cha afya ya mazingira. Mkaguzi wake anaweza kuja nyumbani, akapima unyevu, akamwandikia mwenye nyumba amri ya kutengeneza. Tunza picha zenye tarehe, lalamika kwa maandishi kila mara hata kama mmeongea kwa simu, omba daktari aandike kuhusu kifua cha mtoto.

Najua jibu la wengi, kwa sababu nimelipata kwenye kila shughuli ya Waswahili hapa, misibani hadi harusini: "Ndugu yangu, vumilia, usije ukafukuzwa." Hofu hiyo ina msingi. Kwa miaka mingi kile Kifungu cha 21 cha sheria ya nyumba kilimpa mwenye nyumba nguvu ya kukutoa kwa notisi ya miezi miwili bila kutoa sababu yoyote, na wengi waliolalamikia fangasi walijikuta wanafunga mizigo. England sheria mpya imekifuta kuanzia Mei 1, 2026. Scotland wenzetu walishaondokana na mambo hayo kwa mikataba mipya tangu Desemba 2017.

Lakini kuna hofu nyingine ambayo haina msingi, nayo ndiyo inayowanyamazisha wenzetu wa viza. Wameandikiwa kwamba hawaruhusiwi kugusa fedha za umma, basi wanadhani hata kumwita mkaguzi wa halmashauri kutawaharibia viza. Si kweli. Kuripoti nyumba mbovu si kuomba posho wala ruzuku. Unalipa kodi ya nyumba, unalipa council tax, yaani kodi ya halmashauri, na wengi hulipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka kila wakiomba viza. Kuomba ukuta usimuue mwanao hakukuweki kwenye orodha ya mtu yeyote. Dada mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee anaishi na watoto wawili kwenye chumba kibaya kuliko changu kwa sababu mtu alimtisha hivyo. Aliyemtisha ni Mswahili mwenzetu, tena ndiye aliyempangisha. Aibu!

Na ninyi mlioko nyumbani mtakaokuja kuandika "si ulikimbilia Ulaya mwenyewe", okoeni nguvu zenu. Ninafanya kazi usiku kwenye ghala, ninalipa kila ninachodaiwa, na ninastahili ukuta mkavu kama mtu mwingine yeyote.

Nimeshaiandikia halmashauri. Nasubiri mkaguzi. Walioko Leicester, Reading, Birmingham na kwingineko mliopita njia hii: mkaguzi alifika baada ya muda gani, na mwenye nyumba alitii au alianza visa? Je, kuna aliyefanikiwa kubadilishiwa mita ya kulipia kabla bila kudaiwa amana kubwa? Tafadhali jibuni hapa hapa kwenye uzi, msinifuate inbox, ili na wengine wasome.