Nyumba mpya, kila chumba kivyake: niviunganisheje?

Mwenye swali: Tumehamia juzi. Sebule ni ya kijivu, jikoni kuna makabati ya mbao nyekundu, korido ni krimu. Ukisimama mlangoni unaviona vyote kwa mpigo, na vinagombana. Ila sitaki nyumba nzima iwe rangi moja kama hospitali. Nianzie wapi?

Fundi Rangi: Koridoni, maana ndiyo inayogusana na kila chumba. Makabati hayabadilishwi kirahisi, basi yawe ndiyo bosi: rangi nyingine ziyafuate. Milango na fremu zote zipakwe nyeupe moja, isiyo kali. Hicho kijivu kina ubuluu? Kama kinao, mgomvi ni huyo.

Dada Mapazia: Na balbu je? Sebuleni ukiweka ya 2700K (mwanga wa umanjano) na jikoni ya 6500K (mweupe wenye ubuluu), rangi ileile itaonekana mbili tofauti. Mimi sivuki 3000K, labda stoo.

Mwenye swali: Duh, kweli kina ubuluu! Na sofa ya buluu niitoe?

Fundi Rangi: Iache. Irudie buluu hiyo kidogo kwenye zulia la korido na mito ya chumbani. Kijivu kipya kijaribu kwanza kwenye ubao, ukitazame mchana na usiku.