Mafundi wa sona za kutafutia samaki mnatumaliza wavuvi, mimi nimevua samaki wa demo siku tatu

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa kusoma apite tu. Ila kama una mtumbwi au unafikiria kununua hizi sona, mashine zenye kioo za kutafutia samaki kwa mlio wa sauti, naomba usome mpaka chini kabla hujampa mtu hela yako.

Mimi nina mitumbwi miwili ya sangara, nalaza nyavu Ziwa Victoria upande wa Ukerewe. Siyo tajiri wa mitumbwi ishirini, nyavu nyingine nimekopea, mafuta mara nyingi nakopa nalipa samaki wakishapimwa. Sasa mwaka huu samaki wamekuwa wa shida, vijana wanatoka jioni wanarudi asubuhi na sangara wanne watano, hela ya petroli hairudi. Nikaangalia video nyingi za sona, nikauza mbuzi, nikajikusanya, nikavuka kwenda Mwanza mjini na laki tisa mfukoni. Jina la duka silitaji hapa, wao wenyewe wakisoma watajijua.

Dukani yule jamaa akaniwashia mashine juu ya kaunta. Juu ya kaunta wakuu, hamna maji hata ya ndoo, ile sensa yenyewe, kile kipande cha kuzama majini kinachotuma na kupokea mlio, iko kwenye boksi haijafunguliwa. Kioo kikawaka, chini kukaonekana mchanga unapanda na kushuka, samaki wakaanza kupita, wakubwa wadogo, na namba za kina pembeni. Ananiambia unaona hao bosi, hapo ndo utakuwa unawaona sangara wako, inaona mita mia mbele ya boti na kwenda chini inafika mita 500. Mimi nikaamini kwa sababu ndo mara ya kwanza naishika, na mtu yuko dukani anauza vitu vya boti ningejuaje kwamba hajui anachouza?

Sasa nimeshajua, na ndo nawaambia. Ile ilikuwa simuleta. Hizi mashine zina picha za maonyesho ndani yake kwa ajili ya kufundishia na kuuzia, na kuna nyingine ukiiwasha bila sensa kuunganishwa inaingia yenyewe kwenye hiyo demo. Samaki wale hawapo popote duniani. Halafu hiyo mita 500 ya nini? Ziwa Victoria lote sehemu yenye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, wastani wake ni mita 40, na huku tunakolaza sisi mara nyingi hufiki hata 30. Nimelipia zaidi kwa ajili ya kina ambacho kwenye hili ziwa hakipo.

Wakanipa na fundi "wao". Akaja mwaloni tunakoegesha mitumbwi, laki moja na nusu ya ufundi, nauli yangu, chakula changu. Mtumbwi wangu ni wa mbao kama mitumbwi yetu yote. Huyu bwana akachukua ile sensa akaibandika NDANI ya mtumbwi, sakafuni karibu na nyuma, kwa silikoni ya mabomba, akasema hivi ndo wanafunga kwenye boti za kisasa, haitoboi mtumbwi haivujishi. Ni kweli kwenye boti ya faiba inawezekana, kama faiba yenyewe ni nzito na haina povu katikati, na wanaibandika kwa epoksi bila hata kiputo kimoja cha hewa. Lakini mbao siyo faiba! Mbao ina vijitundu vya hewa ndani yake, na hii mashine inafanya kazi kwa sauti, inatuma mlio chini, mlio unagonga kitu unarudi, inahesabu muda. Kwenye maji baridi kama haya yetu sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kina cha mita 15 mlio unakwenda na kurudi kwa kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Hewa ndo adui yake mkubwa. Mlio ukikutana na hewa unarudishwa hapo hapo, haupiti. Sasa umeibandika juu ya mbao, na silikoni yenye viputo, huo mlio utatoka saa ngapi?

Bado. Waya wa sensa ulikuwa mrefu, yeye akaona unamsumbua, AKAUKATA, akaunga kwa kusokota akazungushia solotepu nyeusi. Ule waya una ganda la nyuzi za shaba ndani linalozuia kelele za umeme, hautakiwi kukatwa, ukizidi unakunjwa unafungwa pembeni. Umeme akachukua kwenye betri ile ile ya sola inayowasha taa zetu, tena akapitisha waya sambamba na waya za taa, na fyuzi hakuweka. Kitabu cha mashine kimeandika fyuzi ya ampea 3 na fyuzi yenyewe ilikuwemo kwenye boksi, nimeikuta baadaye kwenye kimfuko chake haijaguswa.

Alivyomaliza akaiwasha pale pale mchangani. Samaki hao! Wakapita. Vijana wakashangilia, na mimi nikampa hela yake yote. Hiyo ndo inaniuma kuliko zote.

Siku tatu tumezunguka na ile mashine. Nilikuwa naingia mwenyewe ziwani kuangalia kioo, nawaambia vijana tegeni hapa, hapa kuna samaki wengi, hapana ngojeni, twende kule wameongezeka. Tumechoma petroli ambayo kwa kawaida inatutosha wiki nzima. Siku ya kwanza sangara watatu, ya pili wawili, ya tatu tumepata sato mmoja aliyejipotelea.

Siku hiyo ya tatu ndani ya mtumbwi alikuwepo mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi sana, hasemi sana. Muda wote anaangalia kioo halafu anaangalia mawe ya nchi kavu anapimia tulipo. Mwisho akachukua kamba ya jiwe la nanga akaishusha taratibu kwa mikono mpaka ikalegea, akaibana kwa vidole pale ilipogusa maji, akaanza kuivuta huku anaipima kwa kutanua mikono. Pima moja, mbili, tatu. Ikaja pima sita na kidogo. Hiyo ni kama mita kumi na moja. Kioo kinasoma 24.6. Akaniangalia akasema, "Tajiri, hiki kioo kinasoma ziwa gani?"

Nikanyamaza. Kijana wangu mmoja akaenda kuangalia nyaya, akarudi ameshika ile plagi ya sensa mkononi, ilikuwa haijaingia vizuri nyuma ya mashine tangu siku ile ya kwanza. Ameishika mkononi wakuu, na samaki kwenye kioo wanaendelea kupita.

Naomba mnielewe kwa nini nasema huu ni uuaji. Wanaojua huku visiwani wanajua mawe yalivyo, kuna sehemu uko kwenye maji marefu kidogo tu unakutana na jiwe limekuja juu. Mimi usiku wa pili tulipita sehemu naambiwa na kioo nina mita 20 na kitu chini yangu, tukaenda kwa kasi. Watu wanne ndani, mmoja mtoto wa dada yangu. Tungepasua mtumbwi pale usiku nani angekuja kutuokoa, fundi?

Basi nikaanza kujifunza mwenyewe, nikasoma kile kitabu kwa shida na kiingereza changu cha darasa la saba, nikapata na jamaa mmoja anafanya kazi kwenye boti za faiba akanielekeza kwa simu. Tukachomeka plagi, tukazima simuleta kwenye setingi, kioo kikawa cheupe na kina kinaonyesha vistari tu. Yaani kwa mara ya kwanza ile mashine ikasema ukweli, kwamba haioni kitu.

Tukaing'oa ile sensa. Tukaifunga nyuma kwa nje, kwenye kipande cha mbao kilichoshikizwa kwa misumari na chuma cha pembe, uso wake unazama chini kidogo ya sakafu ya mtumbwi ili ipate maji yaliyotulia. Kwanza tuliiweka karibu na propela, ikawa mtumbwi ukisimama inasoma vizuri, ukienda tu kioo kinajaa madoa na kina kinarukaruka, ni viputo. Tukaisogeza kama sentimita 40 kutoka kwenye propela, upande wa kulia, maana propela yangu inazunguka kulia na upande huo mabapa yake yanashuka, hayarushi povu juu. Na ulalo wa sensa tukaupima mtumbwi ukiwa ndani ya maji na watu na nyavu, siyo umeinama mchangani kama alivyofanya yule. Betri nikaweka ndogo ya peke yake, na fyuzi yake. Ile michirizi iliyokuwa inakatiza kioo kila tukiwasha taa ikaisha. Pale pa kuunga waya ndo hamna namna, bado kuna kelele, hiyo sensa imeshaharibiwa.

Na bado mashine nikaikuta imewekwa ile setingi ya kuchora vipicha vya samaki na usikivu umepandishwa mpaka mwisho. Kwa hiyo mizizi ya gugu maji samaki, kiputo samaki, gogo samaki. Ukizima hivyo vipicha unaona upinde tu au mstari, unajifunza kuutambua. Wauzaji hawakwambii pia kwamba inaona chini tu, haioni mbele. Kwenye kilohezi 200 mlio unatanuka kama faneli, ile yangu kwenye kina cha mita 15 inaona duara la kama mita tano basi. Na kinachoonekana kulia mwa kioo ndo cha sasa hivi, vyote vya kushoto umeshavipita, sisi tulikuwa tunakimbilia samaki wa kushoto.

Nimetupiwa maneno mwaloni kwamba babu zetu walivua bila kioo, na najua hata humu mtasema. Sikubali. Sona inafanya kazi, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania) na LVFO (shirika la uvuvi la Ziwa Victoria) wanapima wingi wa sangara na dagaa humu humu ziwani kwa mlio wa sauti huo huo. Tena sangara ni samaki anayeonekana vizuri kuliko wengi kwa sababu ya bondo. Lile bondo ambalo bei yake kwa kilo inaacha mbali sana minofu, ni mfuko wa hewa, na hewa ndo inayorudisha mlio kwa nguvu. Tangu tuifunge wenyewe nimeona kwa macho yangu upinde umekaa juu ya jiwe mita tisa chini, mzee akashusha kamba, mita tisa. Sijasema nimetajirika, nyavu bado ni nyavu na usiku mwingine hamna kitu. Lakini sasa najua nipo juu ya nini, na usiku nikikaribia mawe naona chini kunapanda kabla sijafika. Kwangu hiyo peke yake inalipa.

Sasa wewe muuzaji, kwa nini unamwonyesha mvuvi demo bila kumwambia ni demo? Unajua aliyesimama mbele yako ameuza nini? Na wewe fundi kama hujawahi kufunga kwenye mtumbwi wa mbao si useme, hamna dhambi kusema sijui, ningekulipa nauli tukatafuta mwingine. Umechukua laki na nusu, umekula sato wa mke wangu ukasifia, ukaniacha na mashine inayocheza video.

Mnaotaka kununua, fundi msimlipe nchi kavu. Mpandisheni mtumbwini, nendeni sehemu mbili zenye kina tofauti, shusheni kamba yenye jiwe, namba ya kamba na ya kioo zifanane sehemu zote mbili. Halafu chomoeni plagi ya sensa. Samaki wakiendelea kupita rudini nchi kavu na hela yenu.

NYONGEZA: Nimeona swali la kama naiuza, hapana siiuzi. Na aliyeniambia niachane nayo niende mbele, mkuu nakuheshimu ila siwezi, duka lile bado linaendelea kuuza na juzi kuna mtu wa Muleba kanipigia anataka kwenda kununua pale pale. Jumatatu navuka na feri ya Nansio, nina risiti, nina kipande cha waya alichokikata na picha za ile silikoni. Nataka sensa mpya na hela ya ufundi. Fundi kama upo humu, namba yangu ni ile ile uliyokuwa unapiga kuulizia nauli, nimekupigia mara kumi na moja. Pokea simu.