Tupeane uzoefu: springi na shokapu za pikapu inayopiga lami na porini

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Tukusanye hapa tunachokijua kuhusu kuimarisha springi na shokapu za pikapu inayofanya kazi mbili, lami na porini. Nalenga Hilux kuanzia toleo la Vigo, Ranger, D-Max na Land Cruiser 79, ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Taja vipimo, taja kinachovunjika na sababu yake.

Naanza na uzito, maana watu wengi wanaanza na chapa na urefu wa kuinua. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Pikapu ikilala nyuma ukipakia, shokapu ya bei kubwa haitaiinua. Hapo tatizo ni springi. Ikiendelea kunesa mara tatu nne baada ya tuta moja, springi inaweza kuwa nzima kabisa, shokapu ndiyo imekufa.

Kwa hiyo kabla hujaingia duka lolote, pima gari. Mizani ya mazao au ya vyuma chakavu inatosha. Panda na magurudumu ya mbele tu, andika. Panda gari zima, andika. Toa, utapata ya nyuma. Pima likiwa na vitu vinavyokaa siku zote: bulbaa (ngao ya chuma ya mbele), winchi (mashine ya kuvutia gari likinasa), keria, betri ya pili, sanduku la spana, tairi za akiba. Mzigo wa siku mojamoja uandike pembeni. Muuzaji makini atakuuliza namba hizo, na asipokuuliza mpe mwenyewe.

Pima pia urefu wa sasa, kila gurudumu peke yake, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa matigadi. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Fundi wa chasisi

Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongeza hesabu. Bulbaa ya chuma ni kilo 50 hadi 70. Winchi ya waya ni kama kilo 40, ya kamba inapungua kilo 10 hivi. Betri ya pili ni zaidi ya kilo 20. Maana yake pua ya gari imebeba kilo mia na ushee, tena mbele ya ekseli, na koili (springi za mviringo za mbele) za kiwandani hazikutengenezwa kwa hilo. Nyuma, dumu la lita 20 la dizeli ni kama kilo 17 bila dumu lenyewe, la maji ni 20.

Watengenezaji wa Australia kama Old Man Emu, Ironman na Dobinsons wanapanga springi kwa madaraja. Mbele: bila bulbaa, na bulbaa, na bulbaa pamoja na winchi. Nyuma: tupu au mzigo mwepesi, kilo 300, kilo 500. Hizo kilo 300 ni za mzigo unaolala na kuamka na gari. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anabeba saruji mifuko 10 mara moja kwa mwezi, kilo 500, anafunga springi ya kilo 500, halafu wiki zote zilizobaki anatembea tupu. Matokeo: nyuma inadunda, tairi zinaachana na barabara kwenye kona ya changarawe, mkia unachomoka, na kila pigo ambalo springi haikulimeza linaishia kwenye chasisi na bodi.

Mzigo wako ukiwa unapanda na kushuka, chukua springi ya majani ya nyuma (vyuma bapa vilivyopangwa pamoja) ya daraja la chini, yenye jani nene la msaada huko chini, lile linaloguswa pale tu springi inaponyooka kwa mzigo. Likiwa tupu gari linatembea laini, likipakiwa jani lile linaingia kazini.

Angalia na shako, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza springi kwa nyuma. Gari likiwa limesimama na mzigo wake wa kawaida, ncha ya chini ielekee nyuma kwa mshazari mzuri. Shako ikisimama wima au ikivutwa mbele, springi imejikunja mno kwa uzito ulionao na haina pa kujinyoosha. Gari hilo litakuwa gumu hata uweke shokapu gani.

Mtu wa changarawe

Mimi niongelee shokapu, maana njia kama Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Ziwa Natron, au ile ya Ngorongoro kwenda Seronera, zinaua shokapu kwa joto. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto ndani ya oili. Kwenye yale mawimbi ya barabara inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, oili inachemka na kuwa nyepesi, ikichanganyika na hewa inafanya povu. Povu halizuii kitu. Gari lililotoka mjini likiwa zuri linaanza kuelea na kwenda upande, na dereva anadhani ni usukani.

Kuna aina mbili kuu. Ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, nafuu na mvumilivu: jiwe likibonyeza mrija wa nje, pistoni inaendelea kutembea kwenye mrija wa ndani. Ukichukua hii, tafuta yenye gesi ya naitrojeni au sponji maalumu inayozuia povu, na mwili mnene unaobeba oili nyingi. Ya mrija mmoja, kama Bilstein yenye pistoni ya milimita 46, inapoa haraka kwa sababu oili inagusana na ukuta wa nje moja kwa moja, na inashika gari vizuri sana kwenye lami. Udhaifu wake ni mawe: ukuta huohuo ndio njia ya pistoni, ukibonyea tu, shokapu imekwisha. Njia zako zikiwa za mawe yanayoruka, funga kinga ya bati upande unaopokea mawe, hasa nyuma.

Zile zenye mtungi wa pembeni zinaongeza oili na kupoza zaidi. Kwa pikapu ya kazi naona ni gharama ambayo ingelipa tairi nzuri. Ni kwa anayekimbia kwa saa nyingi akiwa amepakia.

Na upepo wa tairi jamani. Ukitoka lami na psi 40 nyuma, ukiingia changarawe shusha hadi 28 au 30 na punguza mwendo. Kwenye mchanga mwingi, 16 hadi 18, mwendo wa taratibu. Tairi ngumu inapeleka kila pigo juu, na hakuna shokapu inayoweza kulipia hilo.

Mgeni wa pikapu

Wakuu, kwa mbele je? Nimeambiwa niweke spesa (kipande cha kuinulia) juu ya koili za Vigo, gari linapanda na bei ni ndogo.

Fundi wa chasisi

Ndugu, spesa inainua gari bila kuongeza uwezo wa kubeba. Kwenye Hilux shokapu ya mbele imefungwa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu), kwa hiyo spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inashusha gurudumu karibu milimita 50. Shokapu ni ileile na urefu wake ni uleule, ila sasa gurudumu linaning'inia chini kuliko lilivyopangiwa: mkono wa juu unakaribia kugonga koili, boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono) inafika mwisho wake, na sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu) inazunguka ikiwa imekunjwa. Buti lake la mpira linachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, muda si mrefu unasikia tak-tak-tak ukikata kona.

Spesa inafaa mahali pamoja tu. Pande mbili zikitofautiana, kwa kawaida upande wa dereva unakaa chini kidogo, spesa ya milimita 5 hadi 10 upande huo inasawazisha.

Kwa gari lenye mikono miwili na koili mbele (Vigo, Revo ambayo ni Hilux iliyofuata Vigo, Ranger na D-Max za kuanzia 2012) usiinue zaidi ya milimita 40 hadi 50, kwa koili na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo. Ukipita hapo unahitaji mikono mipya ya juu na kuteremsha difu ya mbele, na hesabu inabadilika kabisa. Hata kwenye 40, alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ni lazima. Kuinua gari kunapunguza kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, na kasta ikipungua usukani haurudi wenyewe na gari linatangatanga kwenye lami kwa kasi ya 100. Lenga nyuzi 2.5 hadi 3.5, pande zote karibu sawa. Boliti za kurekebishia ziko kwenye mkono wa chini na mara nyingi zimeganda kwa kutu ndani ya bushi. Zilegeze gereji kabla hujaenda kwenye mashine.

D-Max za zamani na Hilux nyingi za kabla ya Vigo zina fimbo ya kujisokota badala ya koili. Hizo watu wanakaza boliti tu gari linapanda. Ni urefu wa bure ila safari ya gurudumu kushuka inakwisha, ukipita tuta unasikia mbele inagonga juu. Ukiwa na bulbaa, nunua fimbo nene zaidi.

Mzee wa 79

Land Cruiser 79 mbele ina ekseli nzima na koili, kwa hiyo sivi haziteseki kama Hilux. Kinachoteseka ni mambo matatu. Kasta inapungua, na dawa yake ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya mbele. Fimbo ya Panhard (inayozuia ekseli isiende pembeni) inavuta ekseli upande mmoja gari linapopanda, weka inayorekebishika ukipita milimita 50. Na mipira ya breki inakuwa mifupi. Inua chasisi hadi magurudumu yaning'inie, tazama mpira wa breki na waya wa ABS. Ukiona umekaza kama uzi wa gitaa, badilisha kabla ya kutoka gereji.

Muuza spea mstaafu

Niseme kuhusu kuongeza majani, maana ndiyo njia yetu ya kawaida. Jani kutoka gari jingine lazima lilingane upana na mkunjo. Jani lililonyooka likiwekwa chini ya yaliyokunjwa halibebi mpaka mzigo uwe mkubwa, na lililokunjwa mno linabeba peke yake na kukatika. Senta bolti (inayoshika majani pamoja) na yu-bolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe ndefu kulingana na unene mpya. Jani halichomelewi, na halipashwi moto likunjwe kwa nyundo: moto unaondoa ugumu wa chuma chake, gari litarudi chini baada ya miezi michache.

Mifuko ya upepo kati ya chasisi na ekseli niwe muwazi: inasaidia kusawazisha gari kwa safari ya mzigo, lakini inapeleka uzito sehemu moja ya chasisi ambako springi ingeugawa sehemu mbili, mbele na nyuma. Pikapu ya milango minne yenye mzigo uliopita nyuma ya ekseli, ikajazwa upepo na kukimbizwa kwenye mashimo, inapinda chasisi nyuma ya kabini. Kwa mzigo wa kila siku, springi.

Fundi wa chasisi

Kwenye kufunga, haya ndiyo yanayorukwa. Mwagia boliti mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kabla. Koili usiifungue bila kifaa cha kuibana, inaua. Yu-bolti mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa mfuatano wa msalaba kwa torki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari.

Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari linaning'inia kwenye jeki, mpira unafungwa ukiwa umejisokota na unachanika mapema. Hili ndilo kosa ninaloliona sana gereji.

Kwenye Hilux nyingi kuna valvu ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Ukiinua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza breki ya nyuma. Inua kishikizo chake kwa kiasi ulichoinua gari.

Rekebisha taa za mbele. Baada ya kilomita 500 kaza tena yu-bolti, kisha baada ya 1,000. Yu-bolti ikilegea, ekseli inaanza kuitegemea senta bolti peke yake, na hiyo haikutengenezwa kwa mvuto huo.

Mtu wa changarawe

Senta bolti ikikatika porini utaijua: ekseli inasogea, gari linatembea mshazari, tairi inasugua bodi. Beba senta bolti mbili za unene wako, yu-bolti mbili, bushi za shako na mkanda wa kufungia mzigo. Inua chasisi, toa uzito kwenye springi, legeza yu-bolti, panga majani kwa kibano au mkanda, pitisha boliti mpya, shusha kichwa chake kiingie kwenye tundu la ekseli, kaza. Jani la kwanza lenye macho likikatika, weka kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chasisi, funga ekseli kwa mkanda kuelekea upande wa mbele ili isirudi nyuma, shusha mzigo, tembea kilomita 20 kwa saa hadi kwa fundi.