Mjadala: Akili mnemba ifundishwe Kikurdi kimoja, au kila lahaja iwe na data yake?

Mlumbi: Kikurdi chote, lugha ya Wakurdi, kiwekwe kapu moja. Lahaja ya Kikurmanji mara nyingi inaandikwa kwa herufi za Kilatini alizozieneza Celadet Alî Bedirxan kupitia jarida la Hawar, Damascus, 1932. Lahaja ya Kisorani, ya Iraki na Iran, ina mwandiko wenye asili ya Kiarabu. Data ni haba kotekote, na ikigawanywa kila modeli italala njaa. Programu igeuze Kisorani kuwa Kilatini, mafunzo yawe ya pamoja. Kiswahili nacho kilisanifiwa tangu 1930 kwa msingi wa Kiunguja, na shule zikapata vitabu.

Fundi Mwandiko: Ndugu Mlumbi, kugeuza ndiko kunakoharibu. Kisorani hutumia و kwa w na kwa u, ی kwa y na kwa î, na irabu fupi i haiandikwi kabisa. Programu inabaki kukisia.

Tena kuna usafi wa kutangulia. Wengi huchapa kwa kibodi ya Kiarabu, hivyo neno lilelile huja na kaf, herufi ya k, yenye namba ya kompyuta U+0643 hapa na U+06A9 pale. Msomaji anaona neno moja, mashine inahesabu mawili. Badilisha kwanza ك iwe ک na ي iwe ی. Kisha tafuta ه inayofuatwa na U+200C, ile alama isiyoonekana ya kutenganisha herufi, uiandike ە, irabu e. U+200C zilizosalia zifutwe mwisho. Ukianza kwa kufuta, hutajua tena ipi ilikuwa konsonanti h na ipi irabu. Matini ya zamani ya fonti za Ali-K yanahitaji jedwali lake la kubadilishia kabla ya hayo yote, kwa sababu ndani mna misimbo ya herufi za Kiarabu iliyovalishwa sura za Kikurdi.

Bi Sarufi: Na mwandiko usichukuliwe kuwa lahaja. Watu wa Duhok, kaskazini mwa Iraki, wanazungumza Kikurmanji, lakini wanakiandika kwa herufi za Kiarabu. Kichujio kinachotazama herufi tu kitakiita Kisorani. Kikurmanji kina jinsia za kisarufi: *mala min*, nyumba yangu, ni ya kike, *bavê min*, baba yangu, ni ya kiume. Kisorani cha kawaida hakitofautishi hivyo. Mchanganyiko usio na lebo utaifuta tofauti hiyo, na kijana wa Diyarbakır, Uturuki, atajifunza kosa akidhani ni lugha ya bibi yake. Kuhusu Kiunguja, kaka, Kimvita cha Muyaka, mshairi wa Mombasa, kiliachwa wapi?

Mlumbi: Lebo nazikubali: moja ya lahaja, moja ya mwandiko. Mafunzo ya pamoja bado nayatetea, maana lahaja ndogo kama Kizazaki na Kihawrami hazina maandishi ya kutosha kusimama peke yao.

Bi Sarufi: Basi mtihani wa modeli uwe wa kila lahaja, usahihishwe na wasemaji wake, maana wastani wa jumla utaficha Kizazaki kilichofeli. Na msitafute maandishi tu. Uturuki ilikuwa na sheria namba 2932 ya 1983 iliyobana Kikurdi hadi 1991, kwa hiyo hazina kubwa imo vinywani, hasa kwa dengbêj, waimbaji wa masimulizi. Rekodi zikatwe vipande vya sekunde 5 hadi 15, kila neno liandikwe lilivyotamkwa bila kusanifishwa, na eneo la msemaji litajwe. Ruhusa ziwe mbili: ya kuhifadhi, na ya kuunda sauti bandia. Aliyetoa ya kwanza hajatoa ya pili.

Fundi Mwandiko: Ya pili iwe na haki ya kuondolewa, na rekodi hizo ziwekwe faili la pekee tangu mwanzo. Modeli ikishafunzwa, kuitoa sauti ya mtu mmoja ni kazi ya kuifunza upya.